Hali ya mpito wakati nguvu ya nje inachezacheza: mwongozo wa kufanya mwenyewe, hata kwa Excel

Wadau wa kemia, hasa nyie mnaosoma chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru na walimu wenzangu wa huku Moshi, kuna swali linarudi kila tukikutana: mmenyuko ukiwa unasukumwa na kitu cha nje kinachobadilika na muda, mfano mwanga wa leza au umeme wa mkondo geu, ile teori ya hali ya mpito tuliyosoma chuo bado inafaa au tuiweke kando? Inafaa, ila mpaka wake lazima utembee, na wengi wanautembeza sehemu ambayo sio. Nataka kuonyesha unautembezaje, kwa namba ambazo unaweza kuzirudia mwenyewe kwenye simu au laptopu, maana hii mada nimeona watu wanaikimbia kwa sababu ya lugha ya hesabu tu wakati ndani yake kuna kitu kizuri sana na wala sio kigumu kihivo.

Kwanza tukumbushane kidogo. Mwaka 1935 Henry Eyring akiwa Princeton Marekani, na Evans na Polanyi wakiwa Manchester Uingereza, walitoa ile njia ya kukadiria kasi ya mmenyuko kwa kuangalia sehemu moja tu, pale juu ya kizingiti cha nishati. Asubuhi ukiwa Moshi mawingu hayajapanda unaona Kibo kushoto, Mawenzi kulia, na katikati pamelala. Mtu anayetoka upande wa Rongai kwenda Marangu bila kupanda kilele chochote anapita pale katikati, kwake yeye pale ndo juu kabisa kwenye safari yote, ila ukitembea kutoka Kibo kwenda Mawenzi palepale ndo chini kabisa. Uso wa nishati wa molekuli una sehemu kama hiyo, na teori inachora mstari hapo (ndo ule mpaka), inahesabu wanaovuka kwenda upande wa pili, na inashikilia dai moja zito: aliyevuka harudi. Akirudi tumemhesabu bure, ndo maana kwa hesabu za kiklasiki (tanelingi ya kwantamu tuiache) jibu la teori hii linaweza kuzidi kasi halisi lakini haliwezi kuwa chini yake. Ukitaka tu namba ya kuanzia, kwa nyuzi 25 za Selsiasi kile kizidishi cha mbele, kBT gawanya kwa h (kB ni namba ya Boltzmann, T ni joto kwa Kelvini, h ni namba ya Planck), ni kama 6.2 × 10^12 kwa sekunde, na kizingiti cha 80 kJ kwa moli kinakupa kasi ya karibu 0.06 kwa sekunde.

Hayo yote ni kwa mgongo uliotulia, mgongo ndo kile kizingiti. Sasa nguvu ya nje ikianza kuuyumbisha mgongo wenyewe, kushoto kulia kushoto kulia, molekuli inaweza kuvuka mstari uliouchora, mgongo ukahama ukampita, na yeye akajikuta anarudi alikotoka. Dai la "aliyevuka harudi" limevunjika na hesabu imeharibika. Kazi yetu ni kutafuta mpaka ambao hata mgongo uyumbe vipi bado dai linasimama.

Hatua ya 1: jua kama unaihitaji kabisa

Hii hatua watu wanairuka na ndo inayookoa muda kuliko zote. Kila kizingiti kina frikwensi yake, inatokana na jinsi mgongo ulivyochongoka pale juu. Programu za kemia ya kompyuta zinaitoa ikiwa na alama ya kutoa mbele, tuseme −1000 kwa sentimita. Iache alama, zidisha na kasi ya mwanga kwa sentimita (3 × 10^10) na 2π, unapata kama 1.9 × 10^14 radiani kwa sekunde. Hiyo tuiite k, k ya kizingiti. Frikwensi ya nguvu ya nje tuiite n.

Sasa linganisha. Umeme wa ukutani ni 50 Hz, yaani n ni 314. Oveni ya maikrowevu ni 2.45 GHz, yaani n ni kama 1.5 × 10^10. Gawanya n kwa k, piga skwea. Kwa oveni unapata chini ya moja kwa milioni mia! Maana yake mgongo unayumba polepole mno kiasi kwamba molekuli inavuka na kumaliza kabla mgongo haujasogea chochote cha maana, kwa hiyo tumia teori ya kawaida tu, ukiweka urefu wa kizingiti wa wakati huo. Ukiona mtu anasema maikrowevu inaharakisha mmenyuko, angalia joto kwanza, usiende kutafuta mgongo unaotembea.

Leza ya CO2 ya mikromita 10.6 ni habari nyingine kabisa, n yake ni 1.8 × 10^14, imelingana karibu kabisa na k yetu. Hapo kila mzunguko mmoja wa mwanga unachukua kama femtosekunde 35 na molekuli kushuka kutoka mgongoni nayo inahitaji muda wa aina hiyohiyo. Hapo ndo huwezi kukwepa.

Angalia na ukubwa pia. Badiliko la daipoli la debye 1 kwenye uga wa volti 10^9 kwa mita linabadilisha nishati kwa kama 2 kJ kwa moli, na RT, yaani nishati ya joto kwa moli moja, kwenye joto la kawaida ni 2.5 kJ kwa moli, kwa hiyo kwa uga wa ukubwa huo athari inaanza kuonekana waziwazi. Uga ukiwa dhaifu mara elfu ya huo, frikwensi zilingane zisilingane, hutaona kitu.

Hatua ya 2: andika ikwesheni ya mwendo pale juu ya kizingiti

Chukua mwelekeo mmoja tu, x, ule wa kuvuka. Upande wa hasi ni vitu vinavyoanza, upande wa chanya ni mazao. Uzito weka 1. Karibu na kilele mgongo unafanana na kuba, kwa hiyo:

mchapuko = k²·x + F·cos(n·t)

Kipande cha kwanza kinakusukuma mbali na kilele, ukiwa kulia kinakupeleka kulia zaidi, ukiwa kushoto kushoto zaidi. Kipande cha pili ndo nguvu ya nje. Msuguano tutauweka baadae.

Namba za mazoezi ambazo nitatumia mwongozo mzima: k = 1, n = 1, F = 0.4. Vipimo usivijali, ukimaliza unazidisha na k halisi.

Hatua ya 3: tafuta trajektori ya mpito, na hapa twende taratibu

Jambo la kwanza linalomjia mtu kichwani ni kuhamisha mpaka uende na kilele. Dada mmoja wa pale Tengeru aliniuliza hivyohivyo, "Kaka, si ningepeleka tu mpaka pale kilele kilipo kila wakati?" Ni swali zuri na ni haki kuliuliza. Kilele kiko pale mchapuko unapokuwa sifuri, kwa hiyo:

kilele = −(F/k²)·cos(n·t)

Kwa namba zetu kinayumba kutoka −0.4 hadi +0.4. Shida ni kwamba molekuli haijui kilele kiko wapi sekunde hii, inachojua ni kama itaanguka kushoto au kulia mwishoni, na kuanguka kunachukua muda, kama 1/k. Ndani ya huo muda kilele kimeshahama. Kwa hiyo mpaka wa kweli ni njia ya molekuli moja ya pekee sana, ile ambayo inakaa juu ya mgongo unaoyumba milele bila kuangukia upande wowote, sio kesho sio jana. Hiyo ndo trajektori ya mpito, na kwenye ikwesheni yetu ipo moja tu:

xm = −F/(k² + n²)·cos(n·t)

Weka kwenye ikwesheni ya hatua ya 2 uone inakubali, ni mistari miwili ya hesabu. Kwa namba zetu inayumba kutoka −0.2 hadi +0.2, nusu tu ya kilele. Ukipunguza n mpaka karibu sifuri inafuata kilele kabisa, ukiongeza n sana inabaki karibu na sifuri kana kwamba hakuna kinachotikisika. Ndo maana hatua ya 1 tulipiga skwea ya n kwa k, inatoka hapa.

Wazo hili la kubebesha mpaka kwenye trajektori moja inayotembea walilileta Bartsch, Hernandez na Uzer mwaka 2005, wao walianza na molekuli inayopigwapigwa na kelele za joto ndani ya kimiminika, na mwaka 2007 Kawai na wenzake, Bartsch na Uzer wakiwemo, wakaipeleka kwenye mimenyuko inayosukumwa na leza.

Nguvu yako isipokuwa ya kujirudia, mfano mpigo mmoja wa leza unaowaka na kuzima, kuna fomula ya jumla ambayo mimi naipenda kuliko zote kwenye mada hii:

xm(t) = −(1/2k) × jumla ya nguvu zote za wakati wote, kila moja ikipunguzwa uzito kwa e^(−k × umbali wa muda kutoka t)

Soma tena hapo. Ni nguvu za wakati wote, zilizopita NA zijazo, kwa uzito sawa. Mpaka wa sasa hivi unategemea leza itafanya nini baadae kidogo. Mtu anashtuka akisikia hivo anaona kama uchawi, ila fikiria, swali tunalouliza ni "molekuli hii itaishia upande gani", na kuishia ni jambo la mbele, msukumo utakaokuja baada ya muda mfupi unaweza kuigeuza, sasa mpaka usiojali msukumo huo ungewezaje kujibu sawasawa? Na uzito unashuka haraka, nguvu iliyo mbali kwa muda wa 5/k ina uzito chini ya asilimia 1, kwa hiyo huhitaji kujua leza itafanya nini mwakani, kwa k ya 1.9 × 10^14 ni kama femtosekunde 26 tu za mbele na za nyuma. Kwenye Excel hii ni safu moja ya nguvu, safu moja ya uzito, na SUMPRODUCT, ukikumbuka kuzidisha na hatua ya muda.

Hatua ya 4: toa trajektori ya mpito kwenye kila kitu

Weka d = x − xm, na mwendokasi wake w = v − vm, ambapo vm ni mwendokasi wa trajektori ya mpito yenyewe. Ukitoa ikwesheni mbili, nguvu ya nje inafutika yote na kinachobaki ni:

mchapuko wa d = k²·d

Hakuna muda hapo. Ukiwa unatembea na trajektori ya mpito mgongo unauona umetulia kabisa, na kila kitu tunachokijua kuhusu mgongo uliotulia kinarudi kufanya kazi. Mpaka ni d = 0, na anayeuvuka anauvuka mara moja tu. Sharti la kupita pia linakuwa jepesi mno: molekuli inayoanzia kushoto inapita ikiwa w + k·d ni kubwa kuliko sifuri, ikiwa chini haipiti, basi. Huhitaji kuifuata mpaka mwisho, unaisoma pale inapoanzia tu unajua hatma yake.

Hatua ya 5: ijaribu kwa macho yako

Usiniamini mimi, fungua Excel. Safu ya A muda, B ni x, C ni v, D ni mchapuko. Hatua ya muda h = 0.01, mistari 600 inatosha kufika t = 6. Kila mstari mpya:

x mpya = x + v·h + ½·mchapuko·h²
mchapuko mpya = x mpya + 0.4·cos(t mpya)
v mpya = v + ½·(mchapuko + mchapuko mpya)·h

Anza na x = −1 muda sifuri. Trajektori ya mpito wakati huo iko −0.2 na mwendokasi wake ni sifuri, kwa hiyo d = −0.8 na sharti linasema anayepita ni mwenye v zaidi ya 0.8. Weka v = 0.79 alafu shuka na namba taratibu. t = 1 iko −0.41. t = 2 iko −0.06. Kwenye t = 2.3 inavuka sifuri, na mtu mwenye mpaka wa kusimama pale x = 0 ameshaandika "mmenyuko umetokea" kwenye daftari. Inaendelea mpaka t = 2.9 inafika kama +0.06, na hapo ndo mwisho wake wa kwenda kulia. Kwenye t = 3.5 imesharudi upande wa hasi, t = 4 iko −0.16, t = 5 iko −0.80, t = 6 iko −2.2 inateremka haikumbuki kitu. Sasa ongeza safu ya E, weka xm, na F weka x − xm. Pale t = 2.9 ambapo x ilionekana imevuka, trajektori ya mpito ilikuwa +0.19, yaani molekuli ilikuwa bado nyuma ya mpaka wa kweli kwa 0.13. Safu ya F haikuwahi kuwa chanya hata mara moja.

Rudi juu badilisha 0.79 iwe 0.81, kitu kimoja tu hicho. Inavuka mpaka unaotembea kwenye t kama 2.54 na pale t = 6 iko +1.8. Tofauti ya mwendokasi 0.02 imezaa mmoja kushoto kabisa na mwingine kulia kabisa, na sharti la hatua ya 4 liliwatenganisha kabla hawajapiga hatua hata moja. Mimi kila nikimuonyesha mtu hii safu ya F ndo napoona uso unabadilika, kwa hiyo tafadhali usiiruke hata kama fomula umezielewa.

Na yule wa kilele? Mpaka wa kilele ungesema pale t = 0 kilele kiko −0.4, umbali ni 0.6, anayehitajika ni v zaidi ya 0.6. Wote wenye v kati ya 0.6 na 0.8 angewaandika wamepita na hakuna hata mmoja wao anayepita. Weka 0.7 uone.

Hatua ya 6: toka kwenye molekuli moja nenda kwenye kasi

Mwendokasi unaohitajika unabadilika kulingana na molekuli imeanza wakati gani wa mzunguko. Kwa wanaoanzia x = −1:

v ya kupita = 1 + 0.2·(sin t − cos t)

Inacheza kutoka 0.72 hadi 1.28, wakati bila nguvu ya nje ni 1 tu muda wote. Sasa chukulia molekuli zinapita pale −1 zikiwa na mgawanyo wa kawaida wa joto, na kBT iwe 0.1. Sehemu ya wanaofaulu ni e^(−v²/2kBT). Bila nguvu ya nje ni 0.0067. Wakati mzuri kabisa wa mzunguko ni 0.076, wakati mbaya kabisa ni 0.0003. Gawanya mzunguko sehemu 8, piga wastani, unapata kama 0.022, yaani nguvu ya nje imeongeza kasi kama mara 3, ingawa nguvu yenyewe kwa wastani ni sifuri. Inaongeza kwa sababu wakati mzuri unaingiza wengi kuliko wakati mbaya unavyopoteza.

Rudia hesabu ileile kwa mpaka wa kilele, v = 1 − 0.4·cos t, unapata kama 0.042, zaidi ya mara 6. Kwa hiyo anayefuata kilele amekosea karibu mara 2 nzima, na hakuna kitu kwenye matokeo yake kitakachomwambia amekosea, namba inatoka imenyooka tu. Hilo ndo linanifanya nilisemee hili jambo kwa nguvu.

Hatua ya 7: msuguano na kelele

Molekuli ikiwa ndani ya maji au kiyeyushi chochote, ongeza −s·v kwenye mchapuko, s ikiwa ukubwa wa msuguano. Kramers alishughulikia mgongo uliotulia wenye msuguano mwaka 1940 na namba zake zinarudi hapa zilezile. Badala ya +k na −k unapata namba mbili:

−s/2 + √(s²/4 + k²) na −s/2 − √(s²/4 + k²)

Kwa s = 1 na k = 1 ni +0.618 na −1.618. Ya kwanza ukigawa kwa k inakupa sehemu ya kasi inayobaki baada ya msuguano, asilimia 62 hivi. Ya pili inaingia kwenye sharti la kupita: w lazima izidi 1.618 × umbali wa kwenda mpakani. Trajektori ya mpito nayo inapungua kimo na inatangulia mbele ya kilele kidogo, kimo chake kinakuwa F gawanya kwa √((k² + n²)² + s²n²). Ile kanuni ya Excel ya hatua ya 5 usiitumie hapa kwa sababu mchapuko sasa unategemea v, tumia Runge-Kutta ya daraja la 4, njia nyingine ya kuhesabu mwendo hatua kwa hatua.

Kelele za joto unaziingiza vilevile kama nguvu, ila kila safari ya kelele ina trajektori yake ya mpito, kwa hiyo unazizalisha nyingi na kupiga wastani mwishoni.

Hatua ya 8: mgongo usiokuwa kuba safi

Molekuli za kweli mgongo wake unajikunja kadiri unavyokwenda mbali na fomula ya xm haitoshi. Hapa wengi wanajaribu kuitafuta trajektori ya mpito kwa kuiachia kompyuta iende mbele mpaka ipatikane, na haitapatikana hivyo. Kwa k = 1 na mzunguko wa 2π, kosa lolote linakua mara 535 kila mzunguko mmoja. Kompyuta inaanza na kosa la kama 10^−16, baada ya mizunguko 6 kosa limefika zaidi ya 1 na trajektori yako imeshaanguka. Umeme ukikatika katikati ya simulesheni ya mizunguko 100 hujapoteza kitu, ilishaharibika zamani.

Fanya hivi badala yake. Kama nguvu inajirudia, tafuta sehemu ya kuanzia (x, v) ambayo baada ya mzunguko mmoja tu inarudi palepale, kwa njia ya Newton, ukianza na xm ya kuba kama kisio. Kama hakuna msuguano na nguvu ni ya kosaini, v ya kuanzia ni sifuri, kwa hiyo unatafuta x peke yake inayofanya v iwe sifuri tena nusu ya mzunguko. Hiyo hata Goal Seek ya Excel inaiweza.

Kama nguvu haijirudii, kuna njia ya kukata nusu: shikilia x, chukua v moja inayopita na moja isiyopita, jaribu ya katikati, endelea kupunguza mpaka ubane. Ukifanya hivyo kwa kwenda mbele unapata mstari mmoja, kwa kurudi nyuma na muda unapata mstari wa pili, na pale inapokatana ndo trajektori ya mpito ilipo wakati huo. Craven na Hernandez mwaka 2015 walionyesha njia nyingine ambayo ni rahisi kuichora: kwa kila (x, v) jumlisha urefu wa njia yote kutoka muda fulani nyuma hadi muda fulani mbele, ile yenye urefu mdogo kabisa ndo inayokaa juu bila kuanguka, maana zote zinazoanguka zinakimbia mbali.

Ukishaipata, jiulize inapoteza majirani zake kwa kasi gani. Anzisha majirani wawili, mmoja umemsogeza x kidogo na mwingine v kidogo, waendeshe mzunguko mmoja, gawanya tofauti zao kwa ukubwa uliowasogeza, unapata matriki ya 2 kwa 2. Tafuta thamani zake mbili za eigeni, piga logi asilia ya kila moja, gawa kwa urefu wa mzunguko, hizo ndo eksponenti za Floquet. Craven, Bartsch na Hernandez walionyesha mwaka 2014 kwamba ukitoa ndogo kwenye kubwa unapata kasi ambayo molekuli zilizoko karibu na mgongo zinamalizika upande wa kuanzia, bila kuendesha maelfu ya trajektori. Angalizo, hiyo ni kasi ya pale juu mgongoni, sio ile ya kutoka bondeni ya hatua ya 6, usizichanganye kwenye ripoti moja.

Kabla hujaandika jibu popote, kagua matriki yako kwa kuba safi: bila msuguano thamani zitoke 535.5 na 0.00187, na zikizidishwa zitoe 1. Ukiweka msuguano zao lao liwe e^(−s × mzunguko), na hili linashika hata kwa mgongo uliojikunja. Lisipotoka hivyo punguza hatua ya muda kwanza, alafu punguza ule umbali uliowasogeza majirani, ndipo uanze kuangalia kama ikwesheni umeikosea alama.